Kaya Namba 213

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa bila mke. Yuko kwa wazazi wake. Aliondoka baada ya mradi wangu wa kware, ambao walikula akiba yote ya jikoni kisha wakafa siku moja, kama waliokubaliana. Alisema hagombani na mtu. Atarudi siku kabati la jikoni litakapojaa, si kabla. Nimelifungua asubuhi. Chumvi na kiberiti.

Lakini Mungu si Athumani! Mimi ni karani wa ghala la chakula cha msaada. Waliobomolewa nyumba na mafuriko huja kuchukua maboksi, na ndani ya maboksi kuna pakiti za rangi ya fedha. Wali na maharage, tayari. Hazitaki friji wala moto. Pasua, kula. Haziharibiki kwa miaka mitano. Miaka mitano! Mke gani atalikataa kabati la namna hiyo?

Daftari letu lina kaya mia mbili na kumi na mbili. Nimeongeza ya mia mbili na kumi na tatu. Mjane, watoto sita, jicho la kushoto halioni, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Jicho nimelitia kama kiungo tu. Huruma hupunguza maswali.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya mgao. Kikwazo kilikuwa alama ya dole gumba. Langu la mkono linajulikana, lipo kwenye fomu zangu zote za kazi. Nikajificha nyuma ya maboksi, nikavua kiatu, nikapiga dole gumba la mguu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Kalamu Mbili akaniuliza mbona natembea na soksi moja. Huyu ni karani mwenzangu. Hubeba kalamu mbili mfukoni ili tumdhanie bosi. Nikamjibu ni joto.

Maboksi manne yamo kabatini. Nimelipiga kabati picha, nikamtumia mke wangu. Amejibu kwamba atakuja Jumamosi kujionea mwenyewe. Nimecheza peke yangu jikoni. Wino wa doleni umekataa kutoka, hata kwa jiwe.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Kalamu Mbili ametumwa kukagua kaya mpya. Kaya mpya ni moja tu. Ameondoka saa nne kwa baiskeli, akipiga mluzi. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nzuri sana, nikaisoma mara mbili na kulengwalengwa na machozi.

Akarudi saa saba. Nikasimama, nifukuzwe nikiwa wima. Akasema kaya iko sawa. Nyumba ameiona, mama wa jicho moja amemwona, watoto sita amewahesabu. Chai amekaribishwa. Ila watoto wametulia mno, akasema. Hawachezi. Walikaa kwenye mkeka mstari mmoja, wakamtazama mpaka akamaliza kikombe, na wote wana sura moja.

Nikamwuliza wana umri gani. Akafikiri, akaacha kupiga mluzi. Akasema hajui, hakuona umri kwao.

Kweli, umri sikuandika. Sadfa tu, nimejiambia. Dunia ina wajane wengi, na macho mabovu ni mengi zaidi. Barua nimeichana.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja.

Saa tano, foleni imekwisha, nikainua kichwa na kumkuta dirishani. Sikusikia hatua. Jicho la kushoto ni jeupe tupu. Gauni lake nimelitazama sana, lakini nikiulizwa rangi yake siwezi kusema. Akaeleza kwa upole kwamba maboksi ya Jumanne hakuyapata. Kalamu Mbili akafungua daftari, akamwonyesha alama. Mama akaomba apige nyingine, zilinganishwe. Akapiga dole gumba la mkono wake wa kulia. Ni ile ile! Mpaka kovu la msumari niliokanyaga mwaka juzi.

Kalamu Mbili akasema basi amekwisha kuchukua, akaenda zake kunywa chai. Nikabaki naye.

"Wewe ndiye uliyeniandika," akasema. "Watoto wana njaa. Tangu Jumatatu hawajala, na kabla ya Jumatatu hawakumbuki kitu."

Nikamwambia asubiri mgao wa wiki ijayo, kama wenzake.

"Na mbona uliniandika mjane? Mume wangu alikosa nini?"

Nikakimbia nyumbani mchana kweupe, nikarudi na maboksi yote manne kwenye toroli. Akajitwisha yote kwa pamoja, akaondoka. Shingo haikutikisika.

Pale ghalani jina halifutwi wala halikatwi. Ndiyo sheria. Anayetoka huandikiwa neno moja kwenye safu ya maelezo: amehama, au amefariki. Mimi si muuaji. Nimeandika: Wamehama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda mwenyewe, roho mkononi. Nyumba ya mwisho kabla ya mto ni ya fundi viatu. Fundi anasema imekuwa ya mwisho tangu azaliwe. Nyuma yake ni majani, kisha maji. Kwenye majani nimekuta pakiti saba zimepangwa mstari mmoja. Sita zimepasuliwa na kulambwa zikang'aa. Ya saba haijaguswa. Mama hakula. Nimeona haya, nimelia kidogo, fundi akanipa kigoda.

Nimemwuliza Kalamu Mbili kama anaikumbuka chai ya yule mjane. Mjane gani? Anasema Jumatano alishinda ghalani akipanga maboksi, na baiskeli yake ina pancha mwezi mzima.

Kwa hiyo daftari linasikia. Mwingine angelitupa mtoni. Mimi nimefikiri kwa upana. Kabati tupu, kesho Jumamosi, na mke wangu hataniamini mara ya pili. Nimeandika kaya namba 214, nyumba yangu mwenyewe. Mume. Mke, amesharudi, hana kinyongo. Kabati limejaa. Kisha daftari nimelitia kwapani, nikaja nalo nyumbani. Kitu kama hiki hakiachwi karibu na Kalamu Mbili.

Saa kumi na moja nimefungua mlango. Kabati limejaa! Pakiti zimepangwa mpaka juu. Mke wangu ameketi mezani, anatabasamu. Kanipa pole na kazi. Habari ya kware hajaigusa. Nimemkumbusha siku tuliyooana, jinsi mvua ilivyotukuta. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamsimulia. Akasema ndivyo, ndivyo ilivyokuwa. Tangu nimeingia hajapepesa macho. Pengine amechoka na safari.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu simu imelia. Mke wangu. Yuko kwenye basi, amebakiza mwendo wa saa mbili.

"Kabati achana nalo," akasema. "Hata likiwa tupu, nakuja. Nimeikosa kelele yako."

Siku kumi na nne nimengoja kusikia maneno hayo! Nikakata simu. Mke wangu aliyeketi mezani akaniuliza nani huyo. Nikamwambia watu wa ghala.

Wake wawili, sura moja, chumba kimoja. Nilihitaji nafasi ya kufikiri. Siku moja tu, mbili zikizidi, nipate la kumwambia. Nikafungua daftari, nikamwandikia yule wa kwenye basi mstari wake: Mke, yuko safarini. Na kwenye safu ya maelezo: Amehama. Kwa muda mfupi, nikaongeza, kwa herufi ndogo.

Nikampigia nimwambie barabara imeharibika. Sauti ikasema namba hiyo haipo. Nikampigia mama mkwe. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema nimekosea nyumba, yeye hakujaliwa mtoto wa kike. Kwenye picha ya harusi ukutani nimesimama peke yangu kwenye mvua, mkono umeinuliwa, umekumbatia hewa.

Nimelia kweli, si kama jana. Nampenda mke wangu. Huyu wa mezani ananipa pole, anatabasamu, na kila nikimtazama uso wake unazidi kuwa laini, kama sabuni inayoisha.

Lakini kukata tamaa ni dhambi. Nimefungua ukurasa mpya, kaya namba 215. Nitamwandika upya, yeye mwenyewe, nukta kwa nukta. Mwanya wa meno ya juu. Anavyocheka kabla sijamaliza mzaha. Goti linalomsumbua wakati wa baridi. Umri wake naujua, nimeutia. Mama yake nimemtia. Hakuna nitakachosahau.

Ila ule ukali wake wa asubuhi nitauruka. Nani atajua?