Chozi Kwenye Kioo cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa ya shemeji! Tangu huyu mume wa dada yangu afungue saluni ng'ambo ya barabara, na televisheni juu, wateja wangu wote wamehamia kwake. Na leo mama mwenye nyumba kaniambia bila kupepesa macho: Jumamosi mwanawe mkubwa, meneja, anakuja kukagua. Akikuta viti vitupu, chumba anapewa shemeji.

Ndipo akaingia ndege, chozi. Dume, mdogo, shingo ya kijani inametameta, kifua chekundu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magodoro. Alikuwa akinyonya maua ya uani, akajiona kwenye kioo changu, akadhani ni dume mwenzake. Akaanza kumpiga! Anadonoa, anarudi nyuma, anatukana, anadonoa tena. Mteja pekee aliyenibakia kacheka mpaka nimemkata sikio. Kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi
Kioo nimekitundika mlangoni. Umati! Chozi kaimba juu ya waya wa umeme, mbio mbio kama cherehani, halafu kashuka kupigana. Nikatangaza kwamba anayetaka kuona vizuri akae kwenye kiti. Akishakaa namfunga kitambaa shingoni. Wanne wamenyolewa kabla hawajashtuka. Shemeji kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Raha jamani!

Jumatano, 5 Machi
Nimesikia chozi anapenda vitamu. Nikamwekea maji ya sukari. Wakaja nyuki. Mteja mmoja katoka mbio na nusu kichwa. Amemalizia kwa shemeji.

Kero nyingine: kuna kindege rangi ya vumbi, hakina mbele wala nyuma, kinaingia mpaka ndani kuokota nywele sakafuni na kuchuna utando wa buibui kwenye kibao changu. Kitamharibia nyota wangu jina! Nimekifukuza kwa ufagio. Kikarudi. Nimekifukuza kwa taulo. Dada alipita, akataka kuniambia jambo. Nikamwambia asinivurugie watazamaji.

Alhamisi, 6 Machi
Kile cha vumbi kimekoma. Safi! Ila chozi kaja kwa kuchelewa, kaimba kidogo, kioo hakukigusa. Amechoka, masikini. Nimembembeleza avumilie mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Chozi kahamia kwa shemeji. Chini ya kibao chake kinaning'inia kiota kama soksi, kimefumwa kwa nyasi, utando wa buibui na nywele. Nywele za wateja wangu! Na umati wote uko huko.

Dada kaja kunipa pole huku anacheka. Kasema yule wa vumbi ndiye mke. Dume kazi yake kumetameta na kugombana. Anayejenga ni jike, naye dume anamfuata. Nikauliza mbona hakuniambia mapema. Kanionyesha ufagio wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Leo ndiyo leo. Nimefagia, nimetandika kitambaa kipya.

Asubuhi kaingia mwanamke wa kandambili, gauni limepauka, akaanza kugonga-gonga kuta na kuuliza bomba linavuja tangu lini. Nikamwambia mama, samahani, nangoja mgeni mkubwa. Hakuondoka. Nikafagia miguuni pake mpaka akavuka barabara.

Halafu gari! Akashuka bwana wa suti, viatu vinang'aa. Nikamnyoa bure, nikamkanda mabega, nikamsimulia ubaya wote wa shemeji. Yeye anaguna tu. Alipoinuka akaniuliza kama nimemwona bosi wake meneja, mama wa kandambili. Yeye ni dereva.

Nilikaa chini. Nililia, nasema kweli.

Jumapili, 9 Machi
Chumba kimekwenda. Shemeji kanihurumia: nihamie saluni kwake, kiti kimoja cha kona, chini ya amri yake. Dada kaniuliza kama nimejifunza kitu. Kitu? Nimejifunza sana!

Mchana, shemeji akiwa hayupo, kaja bwana mwingine wa suti na tai, anataka kunyolewa yeye na wafanyakazi wake wote. Nimemtimua kabla hajamaliza kusalimia. Sidanganyiki mara mbili! Kisha nikaona mwanamke mwingine, naye wa kandambili, anapita njia. Nikamkimbilia, nikamkalisha kiti cha mbele, nikamwomba aangalie saluni nikamletee soda.

Nimerudi, hayupo. Wala televisheni ya shemeji haipo. Bila shaka ameichukua akaikague. Mameneja bwana, wako makini!