Malalamiko Kuhusu Mapepo Wanaoishi Chini ya Sebule Yangu

Kwa Mama Ernestine, mtunzi wa vitabu vya watoto, Manika.

Mama mheshimiwa,

Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa wewe hukunionyesha adabu hata chembe ulipojaza mapepo kitabuni na kukiacha shuleni kwa binti yangu Abigaëlle, mwenye miaka tisa. Humo umeandika kwamba chini ya ardhi yetu wanaishi viumbe wadogo wa kijani wenye meno, na kwamba anayetaka kuchimba lazima apige hodi mara tatu. Wasipoitika, afukie shimo aende zake. Akikaidi, wanamtafuna kuanzia vidole vya miguu. Hongera sana.

1. Mimi nachimba sebuleni kwangu. Mtaa mzima unachimba, tena tunafungulia nyimbo za kwaya mchana kutwa ili nyundo zisisikike. Shimo langu nimelifunika zulia. Nimefika mita kumi na nne, shaba naiona kwa macho. Sasa kila asubuhi mtoto anapiga magoti juu ya zulia, anapiga hodi, anatega sikio, kisha ananitangazia kwamba mapepo wamekataa: "Tata, balikatala kuitika. Usishuke!" Halafu anamwaga udongo shimoni kwa kikombe changu cha chai.

2. Vijana wangu wawili wa kazi, Sadrack na Gael, waliochimba mgodi wa Tenke bila kuogopa hata askari, walimsikia akisoma kwa sauti. Sadrack ameweka sururu chini: "Shefu, mi nakatala kuingia mu nyumba ya bantu bila ruhusa." Nyumba ya watu! Nyumba ni yangu, mama, na nimekasirika.

3. Kitabuni umempeleka msichana mgodini, wakati kila mchimbaji anajua madini hukimbia mwanamke akikaribia. Mimi siamini mapepo. Ile bia niliyomwaga shimoni siku ya kwanza ilikuwa heshima tu.

4. Mapepo wako hawana kibali cha kukaa chini ya kiwanja changu. Mimi pia sina kibali cha kuchimba, ila mimi siumi watu.

Kwa hiyo naomba uandike upesi sura mpya ambamo mapepo wanaitika "karibu", utie sahihi na muhuri. La sivyo, njoo ushuke mwenyewe uzungumze nao, maana mnafahamiana. Leo ni siku ya tano hatujachimba, na mke wangu Domitille naye amefika sura ya sita. Siku hizi ananitazama miguu.

Nisalimie mumeo, watoto, na walimu wote wanaotusambazia balaa hili.

Mimi, mwenye hasira na heshima,
Mukalay

P.S. Nilikuwa uani naimalizia barua hii shimo lilipoporomoka lote, likameza zulia na kochi. Ndani hapakuwa na mtu. Abigaëlle yuko shuleni. Sadrack na Gael walikuwa kando yangu, wamekaa bure, nikiwatukana. Ile sura mpya usiiandike, mama. Niletee nakala kumi za kitabu kilekile, leo kama inawezekana. Nyimbo za kwaya bado nazisikia kwa majirani.