Malalamiko Rasmi Kuhusu Joto Ambalo Dada Alilijua Akalinyamazia

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa penye upepo. Mimi mdogo wako, fundi cherehani, ni mzima wa wastani. Nakuandikia kwa heshima zote kukushtaki kwako wewe mwenyewe, maana katika ukoo wetu hakuna mkubwa mwingine wa kumpelekea kesi hii.

Jumanne nilikwenda zahanati kupima malaria kwa mara ya tano. Muuguzi, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliniuliza umri, akauliza siku zangu niliziona lini mwisho, kisha akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba hedhi yangu inaelekea kukoma. Kwamba joto linalopanda kifuani hadi usoni, usingizi wa mang'amung'amu na machozi ya ghafla huja nayo, na kwamba nafuu ipo: nguo nyepesi, mazoezi, hata dawa akiona daktari zinafaa. Nilitoka pale mwepesi. Nikakupigia simu, nawe ukasema kama mtu anayekunja nguo, "Ah, hiyo? Mimi ilinianza miaka sita iliyopita."

Kwa hiyo nalalamika:

1. Mpiga pasi wangu nilimhamishia uani, nikiamini pasi yake ndiyo inayonichoma. Joto likabaki na mimi ndani. Nimemwomba radhi, lakini kurudi hataki. Anasema huko hakuna anayemgombeza.

2. Shemeji yako nilimwambia anapumua moto. Sasa analala sebuleni, na hata huko anapumua kwa tahadhari.

3. Nikimpima bibi harusi mkono, nililia. Mama yake akadhani najua jambo kuhusu bwana harusi. Vikao viwili vimeshakaa, na kijana wa watu bado anajieleza.

4. Kwenye harusi ya mwanao ulijipepea kwa sahani ukasema viatu vinakubana. Nilikuvulia vyangu. Nikacheza pekupeku mpaka mwisho.

5. Miezi minane niliamini akili inaniruka. Nilianza kumfundisha mpiga pasi kukata vitambaa, ili duka lisife pamoja nami. Hili, dada, sikulisema kwa mtu.

Naomba basi ukubwa wako usimamishwe, niushike mimi, hadi utakapoandika yote yaliyokupata na kilichokusaidia, bila kuruka hata jasho moja. Pia iwe sheria kwetu kwamba mwanamke wa nyumba hii hataachwa tena abahatishe mwili wake mwenyewe.

Nisalimie shemeji, wanao na wajukuu wote, hata yule anayening'ata.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye na kukudai maelezo,
Fundi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mdogo wetu wa mwisho amenipigia. Anasema akiwa kazini shingo inalowa ghafla, halafu anasikia baridi, akauliza kama najua chochote. Nimemwambia avue sweta. Tafadhali mpigie wewe, mambo kama hayo mimi naona aibu kuyataja.