Mbolea ya Wubshet

Addis Ababa ni kubwa, lakini kwa Wubshet ulikuwa umebaki mtaa mmoja tu, Sar Bet, ambao ulikuwa bado haujamtimua. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alimnyima nywele na shule, kisha akaona haya, akamwongezea ulimi.

Siku moja, nyuma ya mgahawa, alimwona mpishi akimwaga ndoo ya machicha ya kahawa. Mwingine angeona taka. Wubshet aliona riziki. Akayaomba, akayaanika, na kwa kuwa yalikuwa machache na tamaa yake nyingi, akayachanganya na vumbi la barabara wanayopita punda wa sokoni. Akaupa mchanganyiko huo jina la mbolea ya msitu wa Kaffa, kule kahawa ilikozaliwa.

Sisi wa Sar Bet tunapenda bustani, na tunapenda zaidi kusifiwa kwamba tunazijua. Mimi nilinunua magunia mawili papo hapo. Wenye majumba makubwa wakasema wangoje waone sukuma wiki za Etiye Yeshimebet, mjane anayeuza kahawa langoni kwake. Zikistawi, mtaa mzima utanunua. Zikifa, Wubshet atafute mji mwingine.

Basi akamuuzia mama huyo kwa bei ya kutupa, na kila asubuhi akawa anapita kukagua. Sukuma zikanenepa, majani mapana kama sinia. Naye alikaa, akanywa kahawa ya Etiye, akailipia na kuisifu: ilikuwa na harufu ya ardhi, alisema, ambayo wauzaji wengine wa mjini wameipoteza.

Jumamosi tukakusanyika uani kwa Etiye kuamua kama tununue. Ubani ukafukizwa, bisi zikapitishwa, vikombe vikazunguka. Wubshet akahutubia juu ya Kaffa mpaka kipara kikamng'aa kwa jasho. Jirani mmoja akamuuliza Etiye mbolea ile huwekwa juu ya udongo au chini yake.

"Mbolea gani, mwanangu? Hizo sukuma nimezitia samadi ya ng'ombe."

"Na magunia yangu?" Wubshet akauliza.

"Si ndiyo unayokunywa." Etiye akaonyesha jebena ndogo, birika la udongo la kahawa, kando ya ile kubwa aliyotumiminia sisi. "Watu wa mgahawa wanachemsha mara moja, wanatupa. Mimi nimelelewa kwamba buni moja ina vikombe vitatu: abol, tona na baraka. Abol wamekunywa wao. Nikaona mwenye mali asinyimwe vilivyobaki."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiwa nimesahau magunia yangu.

Wubshet akainama, akanong'ona. "Lakini uliyachekecha, Etiye?"

"Nichekeche nini? Kwani ulitia kitu?"

Vichwa vyote uani vikamgeukia Wubshet. Akikiri, amekwisha Sar Bet. Akikana, hana sababu ya kukataa kahawa.

"Sikutia kitu."

"Basi kaa. Hujapata baraka yako, na mtu mwenye adabu haondoki kabla ya kikombe cha tatu."

Akamjazia mpaka ukingoni. Wubshet akanywa yote, na mimi niliyekuwa karibu nikasikia mchanga ukilia menoni. Mwenye jumba la ghorofa akamuuliza ikoje. Akameza, akafuta midomo, akasema hajapata kuonja tamu kama ile.

"Mwongeze basi, mama," akasema yule bwana, na Etiye akainua tena jebena ndogo.

Hakuna aliyemfukuza Sar Bet. Jumatatu alihama mwenyewe.