Namna ya Kukomaza Biri kwa Wiki Moja

Jumamosi, 3 Mei

Siku njema sana, mpaka saa ya chai. Nimeuza pea mbili za buti kwa mtu aliyeingia kutafuta kamba za viatu tu. Kipaji! Mwanyumba aliona akajifanya anapanga maboksi. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu. Tumeoa nyumba moja, tunafanya kazi katika duka moja la viatu, la baba mkwe wetu, na nyuma ya kaunta kuna kiti kimoja. Tangu Mzee astaafu tunakigombea kila asubuhi. Leo aliwahi yeye.

Kisha simu. Mzee anakuja kwangu Jumapili ya wiki ijayo kwa chakula cha mchana. Atakuja na funguo za duka. Tuwe na makasha yetu ya biri.

Biri! Nilizisahau kabisa. Siku aliyostaafu, mwaka jana, alimpa kila mmoja wetu kasha la biri, zile nene za majani ya tumbaku, na sahihi yake chini ya kasha. Alisema biri changa inawasha koo, lazima ilazwe mwaka mzima ndipo itulie. Akaongeza kwamba mtu asiyeweza kutunza biri mwaka mmoja hawezi kutunza duka, na atakayemletea zilizokomaa vizuri zaidi ndiye atakayekabidhiwa funguo. Nilicheka sana siku ile. Nilidhani ni utani wa mtu aliyekosa usingizi.

Kasha nimelikuta juu ya friji, nyuma ya feni mbovu. Limekula joto mwaka mzima. Nikashika biri moja, ikavunjika kama biskuti.

Mke wangu anasema nimpigie baba yake nimweleze ukweli. Mke wangu ana moyo mzuri, ila si mtu wa mipango.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda na mke wangu kumsalimia shemeji, yaani dada yake. Ukweli ni kwamba nimekwenda kupeleleza.

Mwanyumba ameziweka biri zake kabatini, chumba chenye ubaridi, na kisponji chenye maji kando yake na kidude cha kupima unyevu. Kidude! Shemeji analalamika kwamba nguo zake zimehamishiwa chini ya kitanda. Mwanyumba alifungua kasha taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala humo, akaniruhusu kunusa. Zinanukia mbao na asali. Roho iliniuma mpaka kwenye visigino.

Akaniuliza zangu zinaendeleaje. Nikamwambia zimelala fofofo.

Njiani mke wangu alisema ana wasiwasi na baba yake. Mzee anampigia simu kila asubuhi kuuliza kama duka limefunguliwa, kisha anakaa kimya, wala hakati. Nikamwambia asijali, Mzee anatuchunguza tu. Mimi nazijua mbinu za wakubwa.

Jumanne, 6 Mei

Nimemtembelea muuza tumbaku, yule mwenye kiduka karibu na benki. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Biri ilazwe muda gani kabla ya kuvutwa?

Alifurahi kupita kiasi. Alisema inategemea. Zile nyepesi miezi michache inatosha. Zile kali zinataka mwaka, na zaidi ya mwaka si vibaya. Wapo wanaozilaza hata miaka mitano, wengine wanakufa kabla ya kuzivuta. Nikamuuliza je, mtu akiwa na haraka? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza namna ya kuivisha mimba kwa siku mbili. Akasema tena, na alikazia sana hapa, kwamba jambo kubwa ni mahali, maana biri inakunywa kila harufu iliyo jirani yake. Sikusikiliza sana sehemu hiyo. Nilikuwa nakodolea macho biri moja kwenye kioo, kuukuu, nyeusi kiasi, inang'aa. Akasema ndiyo hivyo, iliyokomaa huwa na mng'ao wa mafuta.

Mng'ao! Na mimi nafanya kazi gani?

Nimelala nikitabasamu.

Jumatano, 7 Mei

Kwanza unyevu. Nimezipanga biri juu ya kiti bafuni, nikafungulia maji ya moto, nikafunga mlango. Wazo zuri sana. Mke wangu alitaka kuoga. Nikamwomba avumilie kidogo. Alivumilia kidogo, kisha akaacha kuvumilia.

Biri zimelainika, naam. Zimevimba pia. Nyingine zimepasuka ubavuni, majani yanachungulia nje. Mke wangu ameniuliza tena kama nimempigia baba yake. Nimesema laini zina matatizo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezikausha kwa draya ya nywele ya mke wangu. Sasa draya inanuka tumbaku, na mke wangu pia, kidogo tu, nyuma ya masikio. Hasemi nami. Chakula aliniwekea lakini, na kilikuwa kitamu.

Zile zilizopasuka nimezibeba kwenda dukani, nikazibandika kwa gundi ya soli. Gundi ile inashika soli ya buti la mjenzi miaka mitatu, biri itakuwa nini? Nimezibana kwa vibanio vya nguo stoo, nyuma ya maboksi ya viatu vya shule. Mwanyumba akaingia kutafuta kandambili saizi ndogo. Nikaketi juu ya biri. Si juu yake hasa, kando yake. Moja nimeikalia.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya mng'ao! Nimechukua dawa ya viatu ya kahawia, ile ya kopo bapa anayoipenda Mzee tangu zamani, nikachovya kitambaa kile laini cha viatu vya harusi, nikazipaka moja moja, mkono mwepesi, kwa mzunguko, kama alivyonifundisha mwenyewe wiki ya kwanza nilipooa. Kisha brashi. Kisha kitambaa kikavu.

Lo! Ukiziona utadhani zina umri wa babu yangu. Nilipanga mbili juu ya meza nikarudi nyuma kuzitazama, machozi yakanilenga. Mwanyumba na kidude chake atajiju.

Mwanyumba alichungulia akauliza mbona napiga brashi na nimejifungia. Nikasema ni viatu vya mteja mwenye haya. Ameondoka, lakini alinusa mara mbili.

Nimeziacha kashani humo humo stoo, kifuniko wazi, kati ya ngozi na makopo. Zipumzike. Mke wangu alishasema hataki kuona biri yoyote ndani ya nyumba kabla ya Jumapili.

Jumapili, 11 Mei

Naandika haya kabla ya kulala.

Mzee alifika kabla ya wakati. Amekonda. Na alikuwa amevaa ndala! Mzee, mtu aliyekuwa akivaa viatu vya kamba hata kwenda kuchukua maziwa. Mke wangu aliziona zile ndala akaingia jikoni, akakaa huko kitambo. Wakati wa kula Mzee alisifu wali tu.

Baada ya chakula aliweka funguo mezani. Akasema daktari amemkataza kuvuta, kwa hiyo atanusa tu. Kunusa! Nilijiandaa kwa macho yake, si kwa pua yake. Jasho likanitoka.

Akaanza na kasha la mwanyumba. Akanusa, akaitikia kwa kichwa. Alimwambia amezitunza vizuri sana, kama kitabu kinavyosema. Mwanyumba akavimba kama mkate. Shemeji akamshika mkono. Mimi nikaanza kufikiria kazi nyingine ninayoweza kufanya. Sikupata.

Kisha langu. Akafungua. Akainamisha pua. Akainamisha tena, safari hii mpaka miwani ikagusa biri. Akauliza bila kuinua uso nilizilaza wapi. Maneno ya uongo niliyokuwa nayo yote yakaniishia. Nikasema stoo, Baba. Stoo ya dukani.

Alifumba macho. Akasema, kwa sauti ndogo, "Gundi. Ngozi. Na ile dawa yangu ya kahawia." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. Alisema tangu astaafu nyumba yake hainuki kitu. Anaamka mapema, anavaa, anakumbuka hana pa kwenda, anavua. Anampigia simu binti yake angalau asikie mtu mwenye asubuhi.

Mke wangu alishika bega la baba yake. Mimi nilitazama zile ndala, nikaona haya, sijui kwa nini hasa.

Mwanyumba hakuweza kustahimili. Akasema kunusa si kuvuta, na mtu hapewi duka kwa kunusa. Akanyakua biri yangu moja, tena ile niliyoikalia, akaitia kinywani, akawasha kiberiti. Nilifungua mdomo nimwonye. Ukweli wa Mungu, nilifungua. Biri ikalipuka moto wa buluu, mfuu! Nusu ya sharubu ikaenda. Shemeji akammwagia jagi zima la maji, na vipande vya limau.

Mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga meza, akavua miwani. Mke wangu alisema hajakisikia kicheko hicho tangu siku ya kustaafu, naye akaanza kucheka, na shemeji, na mwisho hata mwanyumba na limau lake begani.

Mzee akachukua funguo. Nikanyoosha mkono. Akazitia mfukoni mwake. Akasema amestaafu vya kutosha. Kesho anafungua duka mwenyewe.

Usiku mke wangu ameniita mume wangu mpenzi. Draya imesahauliwa. Nimekosa duka na sijawahi kuwa na Jumapili nzuri namna hii.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee alitangulia. Tulimkuta kwenye kiti, viatu vya kamba vinang'aa, anapiga mluzi. Mimi na mwanyumba tumesimama siku nzima. Tumeshtukia tunaongea vizuri. Ana nusu sharubu, inampa heshima upande mmoja. Aliniomba kwa kunong'ona nimwambie siri ya biri zangu. Nikamwambia ujuzi hauelezeki.

Jioni Mzee aliniita pembeni. Amenipa kasha jipya! Mimi peke yangu. Hizi ni kali, anasema, zilale miaka miwili, mpaka atakapostaafu sawasawa, ndipo tutazungumza habari za funguo. Akaniuliza nitazitunza wapi. Nikamwambia aniachie mimi.

Miaka miwili! Mwaka mmoja nimeumaliza kwa wiki moja, tena na sharubu juu yake. Kwa hiyo hizi ni wiki mbili, nikijitahidi sana. Hakuna haraka yoyote. Kwa sasa nimeliweka kasha juu ya friji, nyuma ya feni, mahali ambapo haliwezi kusahaulika.