Sipati Kura

Jumatatu, 12 Novemba 1979

Kwako mke wangu Watiri,

Miezi mitano leo tangu tukuzike. Redioni daktari anarudia kila siku: huzuni si aibu, wala si wazimu. Mwenye moyo mzito aandike, barua zitasomwa. Hapa Kerugoya wanaume wanacheka. Wamae wa duka la mbegu anaiita redio ya vichaa. Vizuri! Nitaandika. Jina langu litasikika Kenya nzima. La Wamae halijasomwa hata katika matangazo ya kanisa.

(Na kweli, chakula kimenikataa. Napika cha wawili, kisha nakiangalia.)

Barua ya daktari imetumwa. Kuisoma tena? Ya nini?

Jumamosi, 24 Novemba

Imesomwa! Philemon Gatimu, jina lote! Halafu balaa. Nilitaka kusema tangu ufariki sipati kula. Kumbe kalamu iliandika kama mdomo wangu unavyotamka: sipati kura. Mtangazaji, mtu wa Pwani kwa sauti yake, akanipa pole kwa kushindwa uchaguzi wa mwezi huu. Daktari akaongeza kwamba ubunge si maisha.

Jumapili, 25 Novemba

Nje ya kanisa Wamae amenipigia saluti. "Mheshimiwa! Ulisimama wapi hata sisi hatukukuona?" Wanaume wakacheka mpaka wakashika ukuta. Nimerudi nyumbani kupitia mashamba ya kahawa. Sikupika.

Jumanne, 27 Novemba

Ajabu! Tryphosa, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ameleta sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi. Katika barua yangu wao hawakusikia uchaguzi wowote. Wanatamka kama mimi. Walisikia mtu hajala. Alikaa mpaka nikamaliza. Akanigombeza: "Miezi mitano, Baba Wangechi, na ulikuwa umenyamaza tu?" Kesho ni zamu ya mwenzake Keziah.

Nimelala vizuri.

Jumamosi, 1 Desemba

Mkanda wa suruali umerudi tundu lake la zamani. Jana Wamae alikuja peke yake, kofia mkononi, akaulizia anwani ya daktari. Ati ni kwa ajili ya rafiki yake. Nimempa, na chai pia. Nikamwonya: barua husomwa mara mbili kabla ya kufungwa!

Nami nimetuma yangu ya shukrani: "Daktari, nimepona. Sasa napata kura kila siku, akina mama wote wa kanisa wananipa." Sikuisoma tena, Keziah alikuwa anabisha hodi na maharagwe yake ya njahi yanapoa.

Huko uliko, Watiri, nikumbuke.