Kofia ya Sufu na Mashine Isiyotaka Kuwaka

Jumanne, tarehe 3 Juni

Daktari anasema moyo umechoka. Hakusema utasimama lini. Nimeamua kuandika ukweli wote kabla sijaondoka, maana uongo ni mzigo na siku hizi hata ndoo siibebi.

Ukweli wa kwanza: kofia yangu ya sufu haikuibiwa na mkwe wangu, ingawa ndivyo nilivyotangaza mezani. Nimeisokomeza mwenyewe kwenye bomba la mashine ya kukaushia nguo. Mashine iko chumbani mwangu, na bomba lake hupeleka hewa ya moto nje ya ukuta. Upotevu mtupu! Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Siwezi kutazama joto likitupwa. Sasa hewa inavujia kwenye kiungio na kunipiga magotini. Raha.

Jumatano, tarehe 4

Dosari ndogo. Mashine inakausha mzigo wa kwanza, inazima katikati ya wa pili. Ukibonyeza, kimya. Mpaka ipoe, saa mbili nzima. Sababu naijua: ndani mna swichi inayokata umeme joto likizidi. Sikuulizwa.

Binti yangu hufua mashuka ya nyumba ya wageni, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Mvua wiki ya tatu, kamba za nje hazifai. Meneja amepiga simu: mashuka arobaini yasipofika Ijumaa saa sita mchana, kazi anapewa mwingine. Binti kaipiga mashine teke na kuiita jina ambalo mimi sikumfundisha.

Nilimshauri aipepee. Kaipepea kwa sinia nusu saa. Kanishukuru.

Alhamisi, tarehe 5

Fundi kaja. Mkwe ndiye aliyemleta, kiherehere chake. Fundi kauliza kama hewa inatoka nje vizuri. Nikasogeza kiti mbele ya bomba, nikakaa, nikaeleza kwa sauti ya darasani kwamba ni mota: waya zikipata joto ukinzani hupanda, mota inakosa nguvu ya kuanza. Yote kweli. Kwa mota nyingine. Fundi kaniita mwalimu, kafungua mota mchana kutwa, kaweka nyingine aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya karakanani kwake. Mzigo wa pili, ikazima vilevile. Mkwe akasema labda mashine inamwogopa mwalimu. Sikucheka.

Jioni nikamwona binti akipiga pasi mashuka mabichi, moja moja, macho mekundu. Nikamwita. Nikamwambia nakaribia kufa na nina la kuungama. Kanishika mkono. Ulimi ukagoma. Nikaungama kwamba mimi ndiye niliyemaliza asali mwaka jana. Akasema Baba, hilo kila mtu alijua, ndevu zilinata. Akarudi kwenye pasi.

Ijumaa, tarehe 6

Asubuhi mashuka kumi na tisa bado mabichi. Fundi karudi bila kuitwa. Mota aliyoitoa jana ilikuwa nzima, anasema, jambo hilo linamkera. Akaniomba niinuke. Nikasema magoti. Basi yeye na mkwe wakaniinua pamoja na kiti, mmoja huku mmoja kule, kama kabati.

Akaingiza mkono bombani. Akatoa kofia, imekauka kama ngozi ya ngoma. Akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mkwe akaitazama kofia aliyoitiwa mwizi. Akaikung'uta vumbi, akanivika. Akasema tu shikamoo, mzee. Afadhali angenitukana.

Binti alishanigeuzia mgongo. Alikuwa anajaza mashine. Mashuka yalifika saa sita kasoro dakika kumi. Kazi imebaki.

Jumapili, tarehe 8

Jana binti alininunia kutwa. Leo kanisamehe. Kasema Baba, ukisikia baridi si useme tu? Nikaapa, mkono kifuani, kwamba sitarudia. Mkwe naye kaniletea shali ya sufu, kubwa, nene, ya kufunika magoti. Mtu mwema, nakiri. Nikifa leo nakufa mweupe.

Ila chumba ni baridi. Na kesho kuna mashuka hamsini.

Nimetafakari kisayansi. Kosa la kofia lilikuwa kuziba bomba lote. Shali nimeipima: ukiikunja mara mbili inaziba robo tatu tu.

Na ikiulizwa mezani iko wapi, mgeni wa mwisho kuingia chumbani mwangu alikuwa fundi.